Kujifunza kwa Niaba

Mchora mabango huyo watu walimwita Mistari, kwa sababu aliweza kuvuta mstari kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho wake bila rula wala kamba, na ukija kuupima usikute umepinda hata kwa unene wa unywele. Kinyozi, mwuza vipuri, mwenye duka la dawa, wote walifanya kazi chini ya herufi zake. Kwa hiyo mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka hakumwambia mtu. Alihamishia brashi mkono wa kushoto, akadai anajifunza ujuzi mpya. Halafu mwenye duka la viatu akamwita aje aone alichoandika, wakasimama wote wawili wakiangalia juu. Neno zima lilikuwa limeyumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwao.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaani waliishia kumwita Fundi tu. Alishona sare za shule sebuleni, karibu na dirisha. Naye hakujua lolote hadi asubuhi alipomkuta mumewe kwenye sakafu ya bafu, ameegemea ndoo, anacheka kicheko kisicho na furaha. Daktari alisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, akautaja kwa jina refu ambalo Fundi alishika nusu yake. Dawa zingetuliza, hazingeondoa. Mwisho akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo mlangoni, kwamba mazoezi ya polepole kama tai chi, yale ya Wachina yenye asili ya mapigano, yamewasaidia baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo kusimama vizuri zaidi, na kwamba kuna darasa kwenye ukumbi ulio nyuma ya maktaba.

Mistari alikataa katakata. Alisema ameshawaona watu hao dirishani, watu wazima na akili zao, wanapapasa hewa kama wanatafuta swichi ya taa. Dada yake, aliyekaa nyumba chache kutoka pale na hakupitisha siku bila kuja kumjulia hali, akamuunga mkono: dawa ni ya kumeza, hakuna dawa ya kucheza. Fundi alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Alipochoka alisema basi atakwenda yeye, ajifunze, kisha arudi amfundishe. Mumewe alicheka, akamwambia aende salama na asisahau kuwasha taa.

Mwalimu wa darasa lile alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, mpana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia wenzake wasisukume kabla ya wakati. Siku hiyo walikuwapo wageni kadhaa, na aliwaruhusu waulize yaliyokuwa yanawakereketa. Mmoja alitaka kujua nguo gani zinahitajika. Mkunga alisema yoyote isiyobana paja, na viatu bapa ambavyo havitelezi wala havishiki sakafu. Bwana mmoja mnene aliuliza kama hii ni dini. Akajibiwa abaki na dini yake, hakuna atakayeigusa. Fundi alingoja wote wamalize.

"Mwalimu, mtu anaweza kujifunza kwa niaba ya mwingine?"

Mkunga alimtazama. "Nani mgonjwa?"

"Mume wangu."

"Mazoezi si uji, mama. Hayabebwi kwenye kibakuli ukaenda kumnywesha mtu nyumbani." Lakini alipoona uso wa Fundi umeshuka, alilainika kidogo. "Jifunze tu. Akikuona unaweza, labda ataona haya kubaki nyuma."

Basi Fundi akajifunza. Yeye ambaye nusu ya maisha yake aliyamaliza kwenye kiti cha cherehani aligundua kwamba hajui kusimama. Mkunga aliwafundisha kuhamisha uzito wa mwili kama mtu anayemimina maji kutoka sufuria moja hadi nyingine: mguu mmoja unajaa, mwingine unabaki mtupu, na huinui ule mtupu mpaka uwe mtupu kweli. Kabla ya hapo alikuwa akitembea kwa kuanguka mbele na kujiwahi, bila habari. Jioni alisogeza meza ya cherehani ukutani, akamsimamisha mumewe nyuma ya kiti ili ashike egemeo lake, na kumwonyesha alichobeba.

Mwanzoni Mistari aligeuza kila kitu mzaha. Alimtuma mkewe amuulize mwalimu: ikiwa haya ni mapigano, ni adui gani mpole hivyo atakayesubiri ngumi ifike? Fundi aliuliza kweli, darasa likacheka, na akarudi na jibu kwamba mtu akienda haraka mwili unajificha, akienda polepole unaonekana unapolegea. Hilo lilimwingia. Yeye mwenyewe aliwahi kuwafokea vijana wa kazi kwamba mstari wa haraka ni mstari wa uongo. Tangu hapo maswali yake yalibadilika sura. Alitaka kujua kama pumzi inaingia mikono inapopanda au inaposhuka, na jibu lilikuwa apumue kama kawaida, asiizuie. Alilalamika goti linauma. Mkunga akaagiza goti lifuate uelekeo wa vidole vya mguu, asichuchumae mno, na asidhani maumivu ni dalili ya bidii. Alitaka kujua afanye mara ngapi. Kidogo kila siku, jibu lilisema, si mengi siku moja na uvivu siku saba.

Na kwa kipindi kile, mambo yalikwenda. Asubuhi moja Mistari alitoka kitandani hadi mlangoni bila kugusa ukuta, akageuka, akarudi. Alimwita dada yake aje ashuhudie, akarudia safari yote mbele yake kama mtoto aliyejifunza baiskeli. Dada mtu alilia, akakiri kwamba kumbe kuna dawa ya kucheza. Mistari akaanza kuosha brashi zake. Nyingi zilikuwa zimekauka, akazilowanisha kwenye kopo la mafuta ya taa, akazichana manyoya kwa kidole, na nyumba nzima ikanukia kazi. Fundi alishona huku akiisikia harufu ile, na moyoni hakuthubutu hata kushukuru kwa sauti.

Ndipo mumewe alipomkabidhi swali jingine. Alilitoa huku ameangalia pembeni, kama mtu anayeomba kitu kikubwa mno: akiendelea hivi, atarudi lini kwenye ngazi kuchora mabango?

Fundi alilipeleka. Mkunga alikuwa anakunja mikeka, akaacha.

"Hilo sina jibu la kukupa ukampelekee," alisema. "Mazoezi yanaweza kumpa siku nzuri. Pengine nyingi, pengine chache, mimi sijui. Ugonjwa wenyewe hausikilizi, mama. Usimwambie vingine."

Fundi alirudi nyumbani na maneno hayo mdomoni. Njia nzima aliyapanga, akayapunguza makali, akayapanga upya. Alipofungua mlango alimkuta Mistari amesimama nyuma ya kiti chake, uzito uko mguu wa kulia, anangoja, na uso wake ambao ugonjwa ulishaanza kuugandisha ulikuwa umepata uhai. Fundi akasikia mdomo wake mwenyewe unasema kwamba mwalimu amesema akijitahidi sana, mwaka hautaisha kabla hajarudi kwenye ngazi.

Alijitahidi sana. Fundi alipotoka kupeleka sare, yeye alijifungia chumbani akachuchumaa chini kupita alivyoambiwa, akarudia miondoko hadi shati likamganda mgongoni. Aliacha kushika kiti. Fundi alimsihi apunguze, akamkumbusha kidogo kila siku, naye akamjibu kwamba ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Dada yake alimsifu kwa ari. Fundi angeweza kusema neno moja likamzuia. Hakulisema, na kila siku iliyopita neno lile lilizidi kuwa zito.

Alianguka mchana, mguu mmoja ukiwa hewani. Hakuvunjika, lakini nyonga iliumia, akalala kitandani wiki kadhaa, na alipoamka kutoka kitandani hakuwa mtu yule aliyelala. Miguu iligoma kuanza safari. Angesimama mbele ya kizingiti kisichozidi unene wa kidole, anatoa amri, na nyayo zisisikie, kama zimegundishwa sakafuni. Sauti ikapungua hadi Fundi akalazimika kusimamisha cherehani ili amsikie. Daktari alisema hayo yangekuja tu, kwa kuanguka au bila kuanguka. Mistari hakuamini. Aliamini kitu kimoja: kwamba alipewa nafasi na hakuifanyia kazi ya kutosha.

Wakati huohuo Fundi alinawiri, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Magoti yaliyokuwa yakimlilia kila asubuhi yalinyamaza. Mgongo ulinyooka, usingizi ukarudi. Alitembea na beseni la nguo kichwani bila kuligusa. Wifi yake alimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba siku hizi anaonekana mdogo kuliko umri wake. Fundi aliingia jikoni akafungulia bomba ili wasimsikie akilia.

Kisha Mistari akasema anataka kwenda kule ukumbini mwenyewe. Fundi alimpa sababu kumi za kutokwenda, zote nzuri, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli. Walikodi gari. Mlangoni mwa ukumbi miguu iligoma, na darasa zima likageuka kumtazama mtu mzima anayesukumana na kizingiti, kisha likageukia dirisha kwa adabu, jambo lililokuwa baya zaidi. Mkunga alimletea kiti, akamweka ukutani, akaendelea na kazi yake. Hivyo kwa mara ya kwanza Mistari alimwona mkewe kati ya wenzake. Alikuwa anajua. Hata asiyejua chochote angeona kwamba anajua: mguu unajaa, mwingine unatoka mtupu, mikono inafuata bila haraka, na mstari wa mgongo wake haukupinda mahali popote. Mistari alimtazama kwa jicho la mchoraji, na jicho la mchoraji halidanganyiki.

Walipomaliza, alimwita Mkunga kwa kidole. Ilibidi ainame kumsikia.

"Nimefanya yote uliyoagiza. Ulisema mwaka hautaisha. Nimekosea wapi?"

Mkunga alinyoosha mgongo polepole. Hakumtazama Mistari, alimtazama Fundi, aliyekuwa amesimama na viatu mkononi. Hakukuwa na haja ya kusema, lakini alisema, kwa sababu aliulizwa na mgonjwa na hakuwa mtu wa kumdanganya mgonjwa. Alisema hakuwahi kutaja mwaka. Alisema hakuna alichokosea.

Walipanda gari. Dereva aliwasha redio, akaona haifai, akaizima. Karibu na nyumbani Mistari akaongea, na Fundi akasogeza sikio.

"Nilidhani ni uvivu wangu," alisema. "Muda wote huo. Nililala pale kitandani najitukana."

"Nilitaka upate cha kushika."

"Nilikuwa na kiti."

Fundi aliomba msamaha njia yote iliyobaki, na mlangoni, na alipokuwa anamvua viatu. Mistari alisema amesamehe, na alikuwa anasema kweli, maana hakuwa mtu wa kinyongo. Ila alimwomba jambo moja, kwamba asimfundishe tena chochote.

Fundi aliacha kwenda ukumbini. Mkunga alipiga simu mara mbili tatu, na mara moja alikuja mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema kwamba kuna wageni wapya na wanahitaji mtu wa kuwaonyesha namna ya kusimama. Alisema pia kwamba mtu hatibu kosa kwa kujinyima miguu. Fundi alimshukuru, akamsindikiza hadi barabarani, na hakwenda. Alitaka magoti yarudi kuuma. Aliona ni haki yake. Magoti yalikataa. Mwili ukishajua hauulizi ruhusa.

Dada mtu, ambaye hakuwahi kuambiwa habari ya ule mwaka, alibaki kushangaa. Alisema pale tu walipoacha yale mazoezi ndipo kaka yake alipokwisha kabisa, na sikio la kufa halisikii dawa. Fundi alimwacha aseme. Sasa yeye ndiye aliyemnyanyua Mistari kutoka kitandani: anaweka miguu sawa, anashusha nyonga, anampokea kifuani, uzito wote unahamia kwake, kisha anamgeuza hadi kitini bila kumtikisa. Muuguzi aliyepita kuwatembelea alisema hajaona mtu anayenyanyua mgonjwa vizuri namna ile, akamuuliza alijifunza wapi. Fundi alisema ni mazoea.

Mistari akawa anashinda kitini, upande wa dirisha, na Fundi anashona. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani ambao mvua ilikuwa imeubabua rangi. Hawakugombana. Mistari aliacha kuuliza maswali, hata yale madogo ya saa ngapi na nani amepita.

Siku moja Fundi alisimama kupiga pasi. Kulikuwa na sare nyingi na pasi ilikuwa nzito, mawazo yakahama, na hakujua ni tangu lini mwili wake ulikuwa umeanza kwenda: mguu wa kulia unajaa, wa kushoto unatoka, pasi inateleza nao mbele, inarudi nao nyuma, bega limeshuka, shingo imesimama. Aliinua macho akakuta Mistari anamtazama.

Aliganda na pasi mkononi. Mumewe alikuwa ameitambua miondoko ile. Alianza kugeuza uso wake kuelekea dirishani. Shingo ilikuwa imekakamaa, kwa hiyo kwanza yalikwenda macho, halafu kidevu, kisha kikasimama, kisha kikaendelea tena kidogo, na Fundi alimwona akitetemeka kwa juhudi ya jambo lile dogo. Hakwenda kumsaidia. Alisimama akangoja, wakati kola ya shati ikianza kutoa harufu ya kuungua chini ya pasi, mpaka mumewe alipomaliza kumgeuzia kisogo. Ndipo akainua pasi, akaichomoa, akakaa chini.