Salle Bila Munganga

Kinini, dawa ya malaria, ilikuwa ikidondoka taratibu kwa mrija mkononi mwa Katungu pale askari wawili walipoingia kumchukua Benoît, munganga pekee aliyehudumia wagonjwa wa salle ile ya hospitali. Kamanda wao alikuwa amejeruhiwa. Benoît aliwaonyesha vitanda vilivyojaa wagonjwa. Wao wakamwonyesha bunduki. Akaondoka nao.

Anne-Marie alibaki ubavuni mwa Katungu, mdogo wake. Malaria ilikuwa imemwangusha Katungu shambani Musienene, wakambeba mpaka Butembo, na Anne-Marie alidhani wakishafika hospitali taabu imekwisha. Sasa Katungu alijipindua kwa homa, kifungio cha mrija kikalegea, dawa ikaanza kwenda mbio. Jasho likamtoka. Akasema masikio yanalia kama nyuki, kisha hakusema tena.

Anne-Marie alikimbia akigonga milango hadi akampata Masœur Gaëlle, mtawa wa maternité, upande wa akina mama wanaojifungua. Huyo ndiye aliyefunga mrija na kumtia mgonjwa sukari mshipani, maana kinini ikizidi humaliza sukari ya damu na kuziba masikio. Katungu alifumbua macho, lakini masikio yalikuwa yameziba.

Benoît aliporudi na kusikia yaliyotokea, aliketi chini. "Mama, balinikamata na bunduki. Ukinishitaki, batanifukuza, na askari bataendelea tu."

Moyo wa Anne-Marie haukutulia. Akikaa, anasimama, akianza kupika, anaacha chungu motoni. Akinyamaza, kesho ni mtoto wa mwingine. Akisema, Benoît anafukuzwa. Mwishowe alienda kwa Docteur Cyrille, mkubwa wa hospitali.

"Docteur, mimi hapana shitaki Benoît. Nasema salle ilibakia bila mutu, na mudogo wangu hasikiye tena. Bakimubeba ule mumoja, nani anatuangalia?"

Daktari alisimama. "Nilisha kumwambia commandant. Mimi hanisikilize. Utakubali kuya na mimi kusema wewe mwenyewe?"

Alimfuata mpaka kambini. Kamanda alikuwa amelala, mguu umefungwa bandeji. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mudogo wako alikufa?"

"Hapana, afande. Hasikiye tena."

Kamanda aliutazama mguu wake, ule uliofungwa na Benoît wakati Katungu akizama. "Bon," alisema. "Benye kuumia, tutabaleta kwenu."

Ikawa hivyo. Benoît hakuchukuliwa tena, na Masœur Gaëlle akapangwa kusaidiana naye. Lakini bunduki sasa ziliegemezwa ukutani kati ya vitanda, na wagonjwa wengine waliomba kurudi nyumbani kabla ya kupona. Mama mmoja wa kitanda cha jirani alimwambia Anne-Marie waziwazi, "Ni wewe ulibaleta humu."

Sikio moja la Katungu lilianza kushika sauti, ya mbali. Anne-Marie alimwinamia, akamwita kwa jina, akamwita tena, macho yake mwenyewe yakiwa mlangoni, pale askari walipoingilia.