Aliyelipa Tunyamaze

Khauhelo alipowashinda wavulana wote katika mbio za farasi za Semonkong, hapa Lesotho, sisi wa kijiji cha Ha Lepheana tulimpokea tangu bondeni, kwa vigelegele na mbinja. Alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba kama ufito. Farasi aliyempanda, Moholi, alikuwa wa bibi yake, Nkhono Mamotlalepula, na rangi yake ilikuwa ya ukungu kama jina lake. Ushindi ule ulimpa nafasi ya kugombea ubingwa wa vijana wa mbio ndefu, ng'ambo ya mpaka, Afrika Kusini.

Baada ya wiki mbili akaja bwana mmoja wa chama cha farasi kutoka Maseru. Akaketi jikoni kwa Nkhono, akanywa chai mpaka chini, ndipo akasema kwamba chama hakina kitu. Lori la kubebea farasi, vipimo vya damu, kofia ngumu, viatu, vyote ni juu ya mpandaji.

"Ila kuna njia," akasema. "Ntate Sekhonyana yuko tayari kumnunua farasi. Mpwa wake atampanda. Farasi ataenda, nanyi mtapata pesa. Kila mtu atafurahi."

Sekhonyana ndiye mwenye duka kubwa la njia panda na nusu ya kondoo wa bonde hili.

"Na mjukuu wangu?" Nkhono akauliza.

"Ataangalia kwenye simu, Nkhono. Bado mdogo. Tena ni msichana."

Nkhono akamwondolea kikombe mkononi. "Chai imeisha, mwanangu. Njia ni ile ile uliyojia."

Ndivyo tulivyoanza. Waliokuwa na mbuzi wa manyoya marefu wakayakata na kuyauza, wanawake wakapika pombe ya mtama, fundi viatu akasema buti za msichana ni juu yake, asiulizwe bei. Bado lori likatushinda. Mimi ndiye ninayeongoza kwaya, basi wakanigeukia: "Ntate Molise, tuitishie tamasha."

Tamasha letu si la kukaa kimya na kupiga makofi. Mezani panawekwa sahani. Ukitaka kwaya iimbe wimbo fulani, unaweka pesa na kusema. Asiyetaka anaweka zaidi, na kwaya inanyamaza. Ukitaka mtu avue kofia, acheze, au atolewe nje, unalipa, naye anatii mpaka atokee wa kukuzidi. Mwenyekiti hana ndugu wala rafiki. Anafuata pesa tu. Siku ile mwenyekiti nilikuwa mimi.

Jumamosi mchana darasa kubwa la shule lilijaa mpaka madirishani. Khauhelo alisimama mbele pamoja na kwaya. Hatujamaliza ubeti wa kwanza, Sekhonyana akaingia na rafiki zake, blanketi la bei mabegani, akaketi mstari wa mbele.

"Hamsini," akasema, akitupa noti. "Wanyamaze. Masikio yananiuma."

Watu wakacheka, mmoja akalipa sitini, tukaimba tena. Sekhonyana akainuka.

"Mia mbili! Yule msichana akakae mlangoni, na mbwa."

Kicheko kikakatika. Maloti mia mbili kwetu si mchezo. Khauhelo alinitazama. Sikutaka, lakini nikasema, "Khauhelo, kakae mlangoni." Akaenda, shingo wima, akaketi kizingitini karibu na mbwa wa mchungaji wa kondoo. Nkhono alikuwa akitafuna midomo.

Mara tukasikia sauti kutoka kule nyuma.

"Ntate Sekhonyana! Huku kuna upepo mzuri kweli. Ongeza kidogo basi, nitoke nje kabisa!"

Darasa zima likaangua kicheko. Macho ya Sekhonyana yakawa mekundu. "Mia tatu! Atoke!"

Akatoka. Punde kichwa chake kikatokea dirishani. "Bado nakuona, Ntate!"

"Mia tano! Lifungeni hilo dirisha!"

Tukalifunga. Basi akaanza kuimba nje, peke yake. Mtoto yule kupanda farasi anajua. Kuimba, Mungu alimnyima. Alilia kama mbuzi aliyenaswa kwenye uzio. Watu walishika mbavu, na Sekhonyana akapiga kelele, akitupa noti nyingine: "Mia nane! Asogezwe mpaka kisimani!"

Rafiki yake akamvuta blanketi. "Kaka, wewe, unamlipia lori."

Sekhonyana akatazama sahani. Nadhani ndipo alipoiona mara ya kwanza. Akanyoosha mkono, lakini Nkhono alishafika, akafunika sahani kwa kiganja.

"Ya tamasha hairudi mfukoni, Sekhonyana. Hata marehemu baba yako alilijua hilo."

"Haya, nendeni!" akafoka. "Mtaenda kuchekwa, mrudi mmeinamisha vichwa!"

"Tukichekwa, tutachekwa kwa nauli yako," mtu akajibu kutoka nyuma, na Sekhonyana akatoka akigongana na watu.

Sasa ikabidi tumkomboe Khauhelo kutoka kisimani; kwa kuwa aliyelipa alikuwa ametoka, chochote kilitosha. Mzee mmoja aliyestaafu migodini akalipa dirisha lifunguliwe. Wachunga kondoo wakachanga sarafu arudi mlangoni. Akina mama wakafungua vifundo vya vitambaa vyao, wakamrudisha hatua kwa hatua mpaka mbele, kisha wakalipa tena asiimbe. Alicheka mpaka akatoa machozi.

Tulivuka mpaka katika lori tuliloajiri, mimi, Khauhelo na Nkhono. Kule nchi ni tambarare, jua kali, farasi warefu kama milango. Kijana mmoja akamwangalia Moholi, akauliza, "Umeleta punda?"

"Mtazame vizuri uso sasa," Khauhelo akamwambia. "Baadaye utaona mkia tu."

Si mikia yote iliyotazamwa siku ile ilikuwa ya Moholi, niseme kweli. Kwenye mchanga farasi warefu walimwacha mbali. Lakini kila kituo daktari wa mifugo husikiliza moyo, na farasi ambaye moyo wake hautulii haruhusiwi kuendelea. Wengi walizuiwa pale. Moyo wa Moholi, uliozoea milima, ulitulia kabla hajamaliza kunywa maji. Kipande cha mwisho kilikuwa mteremko wa mawe. Wenzake walibaki juu ya matandiko wakivuta hatamu. Khauhelo aliruka chini, akakimbia kando ya farasi wake, akapanda tena bondeni. Alimaliza wa tatu. Nkhono alipiga kigelegele kimoja, kikavuka uwanja wote.

Medali ilikuwa bado haijatulia shingoni, yule bwana wa chama akaja mbio na mpiga picha.

"Binti yetu! Njoo, nishike hatamu, tupige picha ya chama."

"Subiri, Ntate," Khauhelo akasema. "Anakunywa."

Moholi akanywa ndoo mpaka ikakauka. Khauhelo akaichukua, akaenda taratibu kujaza nyingine.