Kitanda cha Mbuyu

Siku gari lilipoingia kwenye parseli yetu, kiwanja cha nyumba, hapa mtaa wa Kataki, lilikuwa bado na viti vya abiria na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani. Papa alijitupa chini yake akiwa na shati la misa, akakagua vyuma, kisha akatoka uvunguni na grisi shavuni.

"Mama Evodie, inavuta magurudumu yote ine! Hii njo itakufikisha Nyunzu."

Mama, aitwaye kwa jina langu mimi bintiye, alikuwa kwenye kiti chake, na mto nyuma ya mgongo. Mikono yake iliacha kupepeta mchele.

Nyunzu ndiko aliko Mama Mbuyu, pacha wake. Mama yangu ni Kabange. Kwetu Waluba majina hayo huenda pamoja. Ukikutana na Kabange, swali la kwanza ni Mbuyu yuko wapi. Vita vilipofika Nyunzu, Mama Mbuyu alikimbilia kwetu, akakaa nasi mpaka kulipotulia, kisha akarudi kujenga upya. Tangu hapo hawajaonana. Mgongo wa Mama uliharibika, na akikaa muda mrefu miguu inakufa ganzi. Pikipiki haiwezi, lori haliwezi, hata benchi ya treni haiwezi. Barabara nayo, ikishika tope, magari hulala njiani. Basi Papa akaamua: kama Mama hawezi kusafiri amekaa, atasafiri amelala.

Kuchora nilipewa mimi. Nimesoma ujenzi chuoni, na watu hudhani aliyesoma ujenzi anaweza kusema mbele ya mafundi. Mimi siwezi. Nikitaka chumvi mezani, ninaliangalia kopo mpaka mtu anisogezee. Kuchora tu ndiko ninakoweza. Nilitazama kwenye simu jinsi watu wa mbali wanavyogeuza magari yao kuwa nyumba, nikachora kitanda kimoja kipana, kabati, jiko la ndani na meza ya kukunja. Nikamwachia Papa karatasi na kukimbilia uani.

Papa alishughulikia chini na juu. Aliinua gari kwa springi nene, akalivalisha matairi ya meno makubwa, akapandisha bomba la hewa kando ya kioo ili injini isinywe maji mtoni. Juu ya paa aliweka keria ya madumu, majembe na mbao za kutia chini ya tairi likizama, na pano ya jua, sola ya kuwasha taa. Kazi ya ndani ilikuwa ya Papa Firmin, jirani yetu, fundi wa boti. Maisha yake yote hajawahi kutengeneza kitu kisichoelea. Alipomaliza kuziba sakafu kwa pamba na lami, Papa alimcheka.

"Firmin, hii ni gari, haiendi Kigoma!"

"Cheka tu. Utanipigia simu ukifika mutoni."

Kila asubuhi Mama alisogeza kiti chake karibu zaidi na gari. Alishona mapazia ya kikwembe, kitenge cha manjano. Jumapili alimwambia pacha wake kwa simu, kwa sauti iliyofika barabarani, "Nakuja, Mbuyu! Mbele ya mvua kuanza!" Upande wa pili tulisikia vigelegele, kisha mtandao ukakatika.

Siku ya kuonyesha gari, majirani walijaa. Papa alifungua mlango kama anayefungua kanisa jipya. Mama aliingia taratibu, akapapasa kabati, akawasha taa na kuizima, akakaa kitandani, akalala, akanyoosha miguu. Macho yake yalilowa. Nje watu walipiga makofi.

Kisha akainuka. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Sasa, ya Mbuyu iko wapi?"

"Ya Mbuyu nini?" Papa akauliza.

"Kitanda."

"Lakini Mbuyu iko na kitanda yake kule Nyunzu!"

Makofi yalikoma. Papa akafumba mdomo, nikaona ameelewa, na mimi nikataka ardhi inifunike. Pacha hapewi kitu peke yake. Papa alipooa alileta vikwembe viwili, mablanketi mawili, jozi mbili za viatu, moja ya bibi harusi na moja ya Mbuyu. Kila Noeli ninaona Mama akimpa dereva wa lori furushi la Nyunzu, sawasawa na alichojinunulia. Nimekua nikiyaona hayo, kisha nikachora kitanda kimoja.

"Nitafika mbele yake namna gani?" Mama akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimuambie, Mbuyu, ona, mimi wamenitengenezea? Hapana, Edmond. Siendi."

Akashuka, akarudi kwenye kiti chake. Juu ya ziwa mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Wanaume wakabaki wanakuna vichwa. Papa Firmin akasema, "Tupandishe kingine juu ya hiki. Kama ndani ya meli."

"Na nani atakuwa juu ya mwenzake?" Mama akauliza kutoka kwenye kiti.

Papa akasema wakipasue katikati. Papa Firmin akapima kwa mkono. "Nusu hii hata mbuzi ataanguka."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya tairi. Nilikuwa nimekwisha kuona njia, ilikuwa wazi kabisa kichwani. Nikamwangalia Papa, nikitumaini ataisoma usoni mwangu kama kopo la chumvi. Hakuisoma.

"Jiko litoke," nikasema.

Wote wakageuka.

"Sema tena, mama," Papa Firmin akaniambia kwa upole.

"Jiko litoke. Na kabati." Nilikuwa nasema na tairi. "Nani kwetu anapika na makaa ndani ya chumba cha kulala? Nilifuata picha za simu, sikufikiri. Mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, utakuwa paa. Tutapika pale, nje, kwa mbabula ya makaa. Kabati ligeuzwe, lifungukie nyuma. Ndani vitabaki vitanda viwili, kushoto na kulia, na njia katikati. Upana mmoja."

"Mmoja kweli?" Mama akauliza.

"Nitapima mwenyewe, Mama."

"Kumbe hii mutoto iko na sauti!" Papa Firmin akapiga paja. Kabati lake alikuwa amelipinda vizuri kama ubavu wa mtumbwi, na bado ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika msumeno.

"Ngojeni," Papa akasema. "Na mimi nitalala wapi?"

"Ulioa pacha, Edmond," Mama akamjibu. "Walikuambia."

Papa alipewa hema la turubai juu ya keria. Mimi nilipewa viti vya mbele.

Tuliondoka na mvua ya kwanza nyuma yetu. Mama alilala kulia, akitazama miti dirishani na kusalimia kila kijiji kwa mkono kama askofu. Kushoto kitanda cha Mbuyu kilikwenda kitupu, na shuka jipya juu yake. Hata mkungu wa ndizi haukuruhusiwa kukigusa.

Mvua ilitukuta pale ambapo lori moja lilikuwa limezama na kuziba njia. Tukangoja. Papa, aliyekuwa amepanda kufunga turubai, alishuka amelowa mpaka soksi. Aliingia, akakitazama kitanda cha kushoto.

"Usijaribu," Mama akasema.

"Nikae pembeni tu, kidogo."

"Mbuyu mwenyewe hajakilalia, weye ukilalie na suruali ya tope?"

Papa akachutama kwenye njia katikati ya vitanda, goti huku na goti kule, na maji yakimtiririka puani. Mama alimtazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mgongo, na mimi nikacheka, na Papa akacheka kuliko sisi.

Lori lilipovutwa tukaendelea, na mbele yake mto ulikuwa umejaa. Papa alishika usukani, akasali kwa sauti, akaingia. Maji yalipanda mpaka milangoni, magurudumu yakitafuna mawe chini. Ndani hakukuingia tone. Tulipopanda ukingo wa pili, Papa alifungua dirisha na kupigia msitu kelele: "Firminiii!"

Nyunzu, Mama Mbuyu alikuwa barabarani kabla hatujasimama. Mama alishuka bila kushikwa mkono. Walishikana mashavu, wakatazamana kama wanaojitazama kwenye kioo. Kisha wote wawili wakaanza kusema pamoja.

Mama akamvuta ndani ya gari. "Hii yangu. Hii yako."

Mama Mbuyu alipitisha kiganja juu ya shuka. Lilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Hamukukilalia? Njia yote hii?"

"Nani angekilalia?"

Akalala. Mama naye akalala. Wakanyoosha mikono na kushikana vidole juu ya njia ya katikati. Chakula tulichoandaliwa kikabidi kuletwa garini.

Baadaye Mama Mbuyu alituingiza kwenye nyumba aliyoijenga upya. Ilikuwa na chumba kimoja cha kulala. Alifungua mlango, akatupisha. Ndani kulikuwa na vitanda viwili, vya upana mmoja, kimoja kimetandikwa vizuri na hakijawahi kulaliwa.

"Tangu siku ya bati la kwanza," akasema. Mama akajifuta macho kwa ncha ya kikwembe.

Kisha wakaanza kubishana. Mmoja alitaka walale garini, mwingine nyumbani, na nikaona kwamba kila mmoja alikuwa anatetea kitanda alichotengenezewa mwenzake. Mwisho walikubaliana: leo nyumba, kesho gari.

Papa aliposikia, uso wake ulijaa nuru. "Basi leo gari iko na nafasi!"

Wakamtazama wote wawili, kwa jicho moja.

"Utanawa miguu," Mama akasema.

"Nitanawa."

"Na hautalala kwenye kimoja tu," Mama Mbuyu akamalizia. "Kingine kitaona wivu."

Asubuhi nilipofungua mlango wa nyuma kuwasha mbabula, Papa alikuwa anakoroma kwenye kitanda cha Mbuyu. Shuka la Mama, kulia, nililolitandika upya jioni, nalo lilikuwa limekunjamana.