Mchuzi Ulioletwa Mbichi

Kampuni ilikuwa changa: jiko moja Mpendae, vespa moja, na wazo la Asila la kuwapelekea wazee wa Mji Mkongwe chakula cha nyumbani. Kila wiki walipika, wakapeleka cha kuonja bure, wakauliza maoni, wakarekebisha. Chumvi ilipunguzwa, vyombo vikabadilishwa. Wateja wote walisifu, lakini hakuna aliyeagiza cha kulipia.

"Wiki hii asiporudi kuagiza hata mmoja, tunaacha," Mundhir, mwenye kampuni, alimwambia kwa upole. "Tutapikia mahoteli tu."

Alkhamisi gesi ikaisha na mchuzi haujabandikwa. Asila akachukua vitu kama vilivyo, samaki aliyekwishasafishwa, tui la nazi, ndimu na bizari, akaenda Mkunazini kuomba radhi kwa Bi Thuwaiba, mmoja wa wazee waliokuwa wakionjeshwa.

"Shikamoo, Bi. Leo nimekuja na aibu. Gesi imetukatikia."

"Marahaba. Aibu ya nini, gesi umeificha wewe? Ingia jikoni."

Bi Thuwaiba akajifunga kanga kiunoni, akabandika sufuria. Alipokamata mwiko, ulimi nao ukafunguka.

"Ule mchuzi wenu wa juzi, mwanangu, tulimpa paka."

Asila akaduwaa. "Bi, si ulisema mzuri?"

"Ulitaka nikwambie mbaya, umekuja kwangu buibui limekurowa jasho? Sina adabu mimi?" Akacheka, kisha akapunguza moto. "Si kama mbaya. Mzee wangu tangu augue hali ila chakula cha mkono wangu. Na mimi viganja hivi nazi haviikuni tena, samaki siwezi kumpaa magamba. Basi tunakunywa chai na mkate, tunalala."

Asila akaitazama mikono ile, vidole vimejikunja, mwiko haujaachiwa. Muda wote alikuwa akiwauliza watu kama chakula ni kizuri. Hakuwahi kumuuliza yeyote angependa kupika nini.

Harufu ya tui ikaenea. Chumbani, sauti nyembamba ya mwanamume ikaita:

"Thuwaiba!"

"Naam!"

"Leo umepika wewe?"

Bi Thuwaiba akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akasingizia moshi, na jiko ni la gesi.

"Nimepika mimi, Zahran! Kaa vizuri, nnakuja."

Akapakua sahani mbili, kisha akamgeukia Asila.

"Kesho mniletee pweza. Mumponde, mumsafishe, na tui mlikamue. Lakini ole wenu mnipikie!"

Asila akatoka barazani, akampigia Mundhir.

"Amerudi mmoja," alisema. "Lakini atapika mwenyewe."