Kura Isiyopigwa Bandi

Kitendawili: nimeitupa kwa mkono wangu, kuiokota siwezi.

Mume wangu nilimtegea hicho asubuhi ya pili baada ya kupiga kura. Kwa kawaida hutegua kabla sijafunga mdomo, au hunipa mji tuendelee. Safari hii alitazama kidole chake chenye wino, akasema chai imepoa. Chai ilikuwa inatoa moshi.

Yeye ni fundi cherehani. Miaka thelathini na mmoja ameshonea kwenye baraza ya nyumba yetu, mgongo wake dirishani pa jikoni, nami humpitishia kikombe katikati ya nondo. Mguu wake mmoja ni mbovu, kwa hiyo baraza hiyo ndiyo kiwanda chake na ndiyo dunia yake. Na hana haraka. Nguo haishoni kabla hajaipiga bandi, zile nyuzi ndefu za kushikiza tu, ili mteja ajaribu, na panapobana pafumuliwe. Bwana harusi mmoja alijaribishwa suti mara nne, mpaka bibi harusi akaja mwenyewe kuuliza kama ndoa bado ipo.

Sasa nchi nzima ikaulizwa kama inaitaka katiba mpya, Ndiyo au Hapana. Kila nyumba ililetewa rasimu yake, imepigwa chapa kwenye karatasi pana kama za gazeti. Yetu nikaisoma jioni mbili, kidole mstarini, kama nilivyofundishwa darasa la tatu. Nilipotaka kumweleza mume wangu nilichokisoma, akaniinulia mkono. Kura ni siri, akasema, asishawishiwe mtu, ataisoma mwenyewe.

Akaisoma kwa mkasi. Ilikuwa wiki ya sare za shule, na vielelezo vyake vya kukatia vilikuwa vimechakaa. Karatasi pana, ngumu, ya bure, fundi gani ataiacha? Akakata mgongo, kifua, mkono na kola. Ule mkono ndio aliokuwa akiushika kutwa, na ndio aliousoma: kila fundi wa kazi za mikono atapewa mahali pa kudumu pa kufanyia kazi. Akafurahi. Yule aliyekataza kushawishiana akamshawishi kila aliyeleta suruali kupunguza. Wa kwanza kushawishika alikuwa fundi viatu, tunayemwita Gundi, anayekaa ncha ya pili ya baraza yetu. Macho ya Gundi hayaoni maandishi madogo. Alimwamini.

Wakapiga Ndiyo wote wawili, wakarudi wameshikana mikono kama maharusi.

Kesho yake mume wangu akaanza shati jipya. Akaitoa kola kwenye kopo la chaki, akailaza kando ya mkono, mahali ilipokatwa, na mstari ukakutana na mstari. Mahali pa kudumu pa kufanyia kazi, mkono ukasema. Sokoni, kola ikaendelea, wala hataruhusiwa kufanya kazi hiyo kwenye baraza ya nyumba ya kuishi.

Nilimwona kupitia nondo. Alizitenganisha zile karatasi, akaziunganisha tena polepole, kama mtu anayetumaini kwamba mara ya pili zitasema jambo jingine.

Ndiyo maana chai ilipoa.

Matokeo yalikuwa yakisomwa kwenye redio, mkoa baada ya mkoa. Ndiyo ikiongoza, Gundi anagonga nyundo kwa furaha. Mume wangu akashona mfuko wa shati ukatazama chini. Hapana ikikaribia, Gundi anasonya, naye mume wangu anainama kuokota pini ambayo haijaanguka. Mtu mzima na mvi zake, anaiombea timu yake ifungwe.

Mchana nikamwambia, "Baba, nguo ya mtu ikikosewa, anaambiwa kabla hajaivaa au akishafika nayo harusini?"

Aliinuka, akachechemea mpaka ncha ya pili ya baraza, na Ndiyo bado ilikuwa mbele. Akamsomea Gundi mkono, kisha kola, kisha akamwambia kwamba mengine hakuyasoma kabisa. Gundi alikaa na kiatu cha mtu mapajani, nyundo imelala. Nikaogopa. Hawa wamekula pamoja kabla mwanangu wa kwanza hajaota meno.

"Kwa hiyo, kaka," Gundi akasema mwishowe, "ulinivisha shati la mkono mmoja."

"Na kola."

"Kola hukunivisha. Ungenivisha, ningejua inanikaba."

Mume wangu akaomba radhi. Gundi akasema radhi ataipokea wakishajua wanahamia wapi, na kama ni sokoni, basi yule mwenye mguu mbovu atabebwa na yule mwenye macho mabovu, na watu watapata cha kutazama. Wakaketi pamoja, redio katikati.

Alasiri Hapana ikashinda, kwa tofauti ndogo tu. Hakuna aliyegonga nyundo. Gundi alimtazama mume wangu, mume wangu akaitazama baraza, sakafu yake ya saruji yenye ufa, kama mgeni anayeonyeshwa nyumba. Kisha akachukua wembe na kuanza kuufumua ule mfuko uliotazama chini.

Nilipompitishia chai alikishika kikombe na mkono wangu pamoja. Akauliza, bila kugeuka, mimi nilipiga nini.

"Kura ni siri, baba."

"Uliisoma yote wewe."

"Jioni mbili."

Akakigeuza kidole changu chenye wino, akakikagua kama pindo la mshonaji mwingine.

"Kumbe yangu ulishaifumua siku ile ile," akasema.

Nikamkumbusha kwamba bado ana kitendawili changu, hajakitegua wala hajanipa mji. Akasema ananipa. Nikauliza mji gani. Akaigusa baraza kwa mguu wake mbovu, akanipa huu huu.