Upande wa Pili wa Mti

Njia ya msituni ilikuwa fupi, tena tambarare, na hilo ndilo lililomnyima raha seremala. Laiti ingekuwa na mlima, wangepumzika, na katika kupumzika mtu hupata neno. Asubuhi dada yake alikuwa amemwambia, "Kaka, leo ukirudi hujamuuliza, usipite kwangu kula." Na sasa nusu ya njia imekwisha, wamezungumzia vumbi la mbao tu.

Aliyefuatana naye alikuwa fundi cherehani wa chumba cha jirani, mjane mcheshi. Miaka yote walikuwa wakigongeana ukuta kuulizana kama umeme umerudi. Kila mmoja alimwita mwenzake Fundi, na hawakuwahi kuchanganyikiwa.

Miti ilikuwa ya kale, imeota kuvu na kuvikwa mimea ya kutambaa. Kila walipopita mti mnene, seremala aliropoka.

"Huu kabati la milango mitatu."

"Fundi, tumekuja kutembea."

"Ule pale kitanda." Masikio yakamwaka moto.

Fundi cherehani alicheka mpaka akashika kiuno. "Kitanda cha nani?"

"Cha mteja," alisema seremala, akijilaani kimoyomoyo.

Kisha wakaufikia mti uliokuwa baba wa miti yote.

"Huu haupimiki," alisema seremala.

"Kwangu hakuna kisichopimika." Mama wa watu alikuwa ametoka nyumbani na utepe wa kupimia shingoni, kwa mazoea. Akauzungusha, ukaisha kabla ya kufika popote. Basi wakaamua kuukumbatia, yeye huku, seremala kule, waone kama vidole vitakutana. Havikukutana.

Seremala akabaki shavu lake likiwa limegandamana na gome lenye unyevu. Hamwoni, haonwi. Hapo hapo neno likamtoka lenyewe.

"Fundi, ungekubali nikuoe?"

Ndege mmoja akalia, akaacha.

Nimeharibu, aliwaza. Akazunguka kwenda kumtazama usoni. Hayupo. Akaongeza mwendo, akiruka mizizi kama mtoto. Hayupo. Amenikimbia, maskini mimi.

"Fundi!" aliita, sasa anakimbia.

"Fundi!" iliitika sauti, lakini hakujua inatoka wapi.

Akajikwaa kwenye mzizi, akakaa chini kwa kishindo. Na mara fundi cherehani akatokea nyuma yake mbio, akamparamia mgongoni, wakaanguka wote kwenye majani makavu.

"Wewe baba," alisema, akihema huku machozi ya kicheko yanamtiririka, "nakufuata nikujibu, unatimua mbio. Nani alikufundisha kuposa hivyo?"

"Nilikuwa nakutafuta."

"Unanitafuta, na mimi niko nyuma yako. Nimekubali. Nilikubali tangu mzunguko wa kwanza, ila sikuwa na pumzi ya kusema."

Seremala alitaka kusema jambo la maana. Kilichotoka ni kicheko, chembamba kama cha mtu anayetekenywa, naye mwenziwe akakidaka, na kila mmoja alipojaribu kunyamaza alimtazama mwingine wakaanza upya.

Wakapita mzee na mkewe, wakikongojea fimbo. Bibi akawatazama pale chini, majani vichwani.

"Wanangu, huko mbele bado ni mbali?"

"Amekubali," alijibu seremala.

Mzee alifikiri kidogo, kisha akamshika mkewe kiwiko.

"Basi si mbali," alimwambia, wakaendelea na safari.