Tundu ni Lile Lile

Tsuma alikuwa na mkono mwepesi, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko mkono. Hayo watu wote wa gereji za nyuma ya Mwembe Tayari waliyajua, na aliyeyajua zaidi ni Kiti, mwana wa shangazi yake, aliyefanya naye kazi tangu walipotoka Kaloleni. Kwao binamu wa namna hiyo ni watani, na utani wao haukuwa na simile. Kila asubuhi Tsuma humpokea kwa, "Mwivi wee! Umeshaiba nini leo?" Naye Kiti hujibu, "Mwivi ni wewe, uliyemwibia nyani sura." Wanacheka, chai inanywewa. Hakuna aliyegeuza shingo, maana "mwivi" ni neno la watu wa pwani, na kwenye utani halina meno.

Mwaka huo wa tisini na saba mvua ilinyesha hata barabara zikageuka mito. Muhdhar, muuza vitenge wa Kuze, akaleta Landrova yake kuukuu.

"Fundi, ndia ya Malindi yote imevundika," alisema. "Nataka gari ipande juu nivuke matope. Lakini springi mpya siziwezi."

Tsuma akamwambia kuwa yako maarifa ya asiye nacho. Hutiwa matofali ya chuma baina ya springi na ekseli, gari ikainuka kadiri ya upana wa kiganja, kisha ikavishwa tairi kubwa. Bila kuinua, tairi hizo zingekula madigadi kila kona. Muhdhar akazitazama tairi za inchi saba na nusu alizozinunua, kisha zile za sita alizokuja nazo.

"Na hizi nene zitaingia rimu zizi hizi?"

"Zitaingia, sharifu. Kilichoongezeka ni tumbo. Tundu ni lile lile."

Muhdhar akacheka, akaenda zake. Gari aliitaka Ijumaa baada ya swala, asafiri na mkewe Hind na wanawe.

Ijumaa ilipofika, mvua ingali inanyesha, gari ilikuwa imesimama juu, ya kupendeza. Tairi ndogo zilizovuliwa zilirundikwa kando, na ile kubwa ya akiba iliegemea ukuta, haijavaa rimu. Tsuma akaingia chini kukaza boliti kwa mara ya mwisho. Spana ikamteleza, ikakwaruza tofali la nyuma. Rangi nyeusi ikabanduka, na chini yake pakatokea wekundu wa mbao.

Akatoka mvunguni uso umemvimba.

"Kiti! Hii nini?"

"Mbambakofi," Kiti akasema, hana hata haya. "Umeme ulikatika, mchomaji chuma hakufanya kazi. Nikapata fremu ya mlango wa nyumba iliyobomolewa Kuze. Mbambakofi hauliwi na mchwa wala na bahari, utaliwa na Landrova?"

"Na rangi uliitia ya nini?"

Kiti akaanza kujifuta mikono. Ni ile rangi iliyompandisha Tsuma wazimu. Mbao angemsamehe, ujinga ni ujinga tu. Lakini mtu hapaki rangi ila anajua alifanyalo. Tsuma akaiona mbao ikipasuka kwenye daraja, gari ikibiringika mtoni na watoto ndani, na ngumi ikatoka kabla hajaiita.

Ilimpata Kiti mdomoni. Akaanguka juu ya rundo la tairi, akainuka na damu kidevuni, akamtandika Tsuma bega kwa spana kubwa ya magurudumu. Mkono wa kulia ukafa ganzi. Tsuma akamshika ukosi kwa wa kushoto, akamgonga uso kwenye boneti, mara nyingine tena, mpaka jino likadondoka. Hapo Kiti akajua kuwa leo si utani. Akajichopoa, akatimua mbio kuelekea yanakosimama mabasi ya bara.

Tsuma hakuweza kumkimbilia. Akapayuka:

"Mwizi! Mwizi huyo! Mshikeni!"

Hakusema mwivi. Neno lile lilikuwa la kuchezea, na siku hiyo hakutaka mchezo. Alitaka Kiti ashikwe arudishwe, amwongeze ngumi nyingine, basi.

Lakini stendi ile ilikuwa na watu wa kila kabila, na hilo ndilo neno moja waliloelewana wote. Wapiga debe waliruka kutoka milango ya mabasi, makuli wakatupa mizigo. Kiti akapigwa ngwala. Teke la kwanza likamkata pumzi, la pili likamgeuza chali, kisha mateke hayakuhesabika. Mtu mmoja akaokota jiwe, akaliteremsha kwa mikono miwili. Tsuma alikuwa akija akipepesuka, na mlio wa taya kuvunjika aliusikia kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mwacheni! Si mwizi! Ni ndugu yangu!"

"Si wewe uliyeita?" utingo mmoja mrefu akamwuliza. Hakungoja jibu, akamzaba kofi la kumwangusha. "Ndugu ya mwizi ni mwizi."

Wakamkanyaga vidole na mbavu. Akiwa chini akalisikia neno aliloliogopa kuliko yote.

"Tairi! Leteni tairi!"

Tairi za karibu zilikuwa zake mwenyewe. Wakaibiringiza moja ya zile ndogo, na dumu la petroli la gereji likafuata. Wakamkalisha Kiti, wakammwagia petroli, wakamvika tairi kichwani. Ikakwama mabegani. Walitaka ishuke imbane mikono asiweze kuivua, lakini Kiti alikuwa na mabega ya kuli.

"Haipiti! Ndogo hii! Leteni ile kubwa!"

Wengine wakakimbilia tairi ya akiba. Tsuma, damu ikimtiririka puani, akajua wasilolijua: hata hiyo haitapita. Watahangaika, watagombana, na muda huo ndio roho ya Kiti.

Akatambaa miguuni mwa watu, akainuka, akakimbia. Ufunguo ulikuwa kwenye gari. Akaitia gia kwa mkono wa kushoto, akabonyeza honi na mafuta pamoja.

Landrova ikapanda ukingo wa barabara, ikazama mtaroni kwenye maji, ikatoka upande wa pili bila kugusa tumbo. Watu wakatawanyika. Utingo mrefu alichelewa. Bampa likamvunja paja, akarushwa kando akipiga mayowe. Mawe yakaja, kioo cha mbele kikammwagikia Tsuma usoni. Akashuka na spana, akampiga wa kwanza aliyesogea, akampiga na wa pili, akamvuta Kiti kwa mkanda wa suruali na kumtupa ndani, tairi ingali shingoni, petroli inamchuruzika. Aliyeshika kiberiti alikiwasha, mvua ikamzimia.

Njia nzima mpaka hospitali Tsuma alisikia mbao ikilia chini yake. Alilia nayo, kwa sauti, bila kuona aibu. Walipofika akachungulia mvunguni. Mbambakofi ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini, ila haujaachia.

Muhdhar alipoiona gari yake hakuuliza kioo. "Chuma hununuliwa, fundi," alisema. "Mtu yu hali gani?"

Mtu alikuwa amefungwa taya kwa waya na jicho moja halikufunguka tena. Tsuma alikwenda kila siku, akakaa ukingoni mwa kitanda. Wodi ilijaa watu wa bara na wa pwani, wagonjwa na jamaa zao.

Siku moja Kiti akafungua jicho lililobaki, akamtazama. Midomo iliyovimba ikajikunjua kidogo, na sauti ikapenya kwenye waya.

"Mwivi wee," alisema. "Umeshaiba nini leo?"

Tsuma akaruka, akamziba mdomo kwa kiganja, taratibu asimuumize taya, huku akigeuka kutazama mlangoni, aone ni nani aliyesikia.